Warsha ya bioinformatika si ya "watu wa kompyuta"

"Mimi ni mtu wa maabara, mambo ya kompyuta waachieni wenyewe." Kauli hii huwazuia wanabiolojia wengi kwenda kwenye warsha za bioinformatika, yaani kuchambua data za kibiolojia kwa kompyuta, na inasikitisha, kwa sababu warsha hizo zimeandaliwa hasa kwa ajili yao. Software Carpentry, mradi wa kuwafundisha watafiti stadi za kompyuta ulioanza mwaka 1998, unawafundisha hata wale ambao hawajawahi kuandika mstari mmoja wa programu.

Tazama jambo dogo tu. Unaandika jina la jeni SEPT2 kwenye Excel, unabonyeza Enter, kisanduku kinaonyesha 2-Sep. Programu imedhani ni tarehe! Ukihifadhi, jina limepotea, na kosa la aina hiyo limekutwa hadi kwenye majedwali ya makala za kisayansi zilizokwisha kuchapishwa. Mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitoa mwongozo mpya. SEPT2 sasa ni SEPTIN2.

Mtaalamu wa kompyuta asiyezijua jeni angeipita tarehe ile bila kushtuka. Wewe uliyeshika pipeti ndiye utakayeiona. Warshani utaonyeshwa namna ya kuifanya safu wima iwe ya maandishi kabla ya kuingiza data, na kwa nini faili la mwanzo haliguswi kamwe.