Mwezi ni wa usiku, lakini picha yake ni ya mchana

"Ni usiku, washa hali ya usiku." Ushauri huu umeharibu picha nyingi za mwezi. Giza ni letu sisi. Uso wa mwezi mpevu unapigwa na jua lilelile linalochoma bati lako saa sita mchana. Mwenye kamera aanze na ISO 100 (wepesi wa kamera kuhisi mwanga), f/11 (ukubwa wa tundu la lenzi) na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga, 1/100 ya sekunde. Mwenye simu aguse mwezi kwenye kioo, ashikilie kidole mpaka fokasi ijifunge, kisha ashushe mwanga hadi ile sahani nyeupe ianze kuonyesha mabaka.

Wengine huamini ukiacha shata wazi saa nzima utanasa safari ya mwezi. Utapata mkanda mweupe, kama chokaa iliyopakwa kwa brashi moja. Mwezi hukata nyuzi 15 za anga kwa saa, yaani upana wake kila dakika 2. Ile miezi iliyopangana kama shanga ni picha nyingi, moja kila dakika 5, zikaunganishwa kwenye programu. Simu isitikisike. Yangu huegemea mfuko wa mchele dirishani, na nimekoma kuitoa moja kwa moja kutoka chumba chenye kiyoyozi: kwa joto hili la Dar es Salaam, lenzi inashika ukungu palepale. Ikae nje robo saa kwanza.

Na safari yenyewe si ya mwezi. Ni dunia inayojizungusha, nasi tuko juu yake. Mwendo halisi wa mwezi unakwenda kinyume, kuelekea mashariki, takriban upana wake mmoja kwa saa. Ndiyo maana kesho utachelewa kuchomoza kwa dakika 50 hivi. Usitegeshe simu kwa saa ya jana.

Video za Ulaya husema laza simu, mwezi unapita kama upinde. Kwa London, sawa. Dar iko nyuzi 7 tu kusini mwa ikweta, na hapa mwezi hupanda karibu wima, kama mkwezi kwenye mnazi. Simamisha simu. Mwezi mwandamo nao kwetu hulala kama dau kwa sababu hiyohiyo.

Eti ukichomoza ni mkubwa zaidi? Macho hayo. Nyoosha mkono: kidole cha mwisho kinaufunika ukiwa chini, kinaufunika ukiwa juu. Kwenye picha ya simu isiyovutwa, yenye upana wa pikseli 4,000, haupati hata pikseli 30.

Wa kusubiri mwezi mpevu ili aone mashimo, asisubiri. Jua likiupiga usoni, vivuli hupotea. Nusu mwezi ndio huyachora mashimo. Nusu ya kwanza, ya mwezi unaokua, huwa karibu na utosi jua linapozama, na huzama wenyewe karibu saa sita usiku, kwa hiyo hata anayewahi daladala ya alfajiri anaupata kabla ya kulala.