Perege wa nyumbani: pima chakula kabla ya kuhesabu samaki

Hakuna swali ninaloulizwa kama hili: tangi la lita 500 linabeba perege wangapi? Nami hujibu kwa swali: utawapa gramu ngapi za chakula kwa siku? Wengi hudhani nawakwepa. Lakini katika akwaponiki, yaani kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yaleyale yanayozunguka, samaki ni njia tu ya kupitia. Mbolea ya mboga na sumu ya kuwaua samaki wenyewe zote huanzia kwenye kiganja cha chakula unachorusha majini asubuhi.

Perege hutoa amonia kwa matamvua yake, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Kundi moja la bakteria huigeuza amonia kuwa nitriti. Kundi la pili, hasa Nitrospira, huigeuza nitriti kuwa nitreti. Mbili za kwanza huua. Ya tatu ndiyo mimea huinyonya, na perege huivumilia hata ikiwa nyingi. Bakteria hao hung'ang'ania kokoto, kuta za tangi na mabomba, wala hawaji siku unayowasha pampu. Maji yakiwa na joto la nyuzi 25 hadi 28, wape wiki 4 hadi 6.

Hilo nililijua kwa hasara. Mfumo wangu wa kwanza niliujaza maji, nikangoja siku 3, nikaona maji yanang'aa hadi chini, nikamwaga vifaranga 40. Wiki moja baadaye walikuwa juu wanatweta. Nikadhani hewa haitoshi, nikaongeza pampu ya hewa. Kumbe ni amonia, na maji maangavu hayakuniambia lolote. Waliosalia walikutwa na nitriti, ambayo hufanya damu ya samaki ishindwe kubeba oksijeni na kugeuka rangi ya kahawia. Chumvi kidogo, gramu moja kwa lita, ingewasaidia kwa kuwa kloridi yake huzuia nitriti isipenye kwenye matamvua. Wakati huo sikuijua.

Siku hizi naanza bila samaki. Natia amonia kidogo, napima kila siku, na sileti kifaranga mpaka amonia na nitriti zote zishuke hadi sifuri ndani ya saa 24. Maji ya bomba yenye klorini nayaacha kwanza siku moja au mbili huku yakipulizwa hewa.

Kuna jambo moja ambalo wanaoanza hulipuuza: kipimo kilekile cha amonia kinaweza kuwa salama leo na kuua kesho, kwa sababu ya pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji: kadiri kinavyoshuka ndivyo asidi inavyozidi. Katika nyuzi 28, pH ikiwa 7, sehemu ya amonia iliyo sumu kali haifiki asilimia 1. Kwenye pH 8 hupanda hadi asilimia 6 na ushee, na kwenye 9 hufika karibu 40. Perege mwenyewe hajali sana, bakteria hupenda juu ya 7, mimea hupenda chini ya 6.5. Mimi hukaa kati ya 6.8 na 7, pasipomridhisha yeyote lakini hakuna anayekufa. Kazi ya bakteria huzalisha asidi, hivyo pH itashuka yenyewe. Ikipita chini ya 6 nao huzembea na amonia huanza kujikusanya. Naipandisha kidogokidogo kwa chokaa iliyozimwa na bikaboneti ya potasiamu kwa zamu, kwani chakula cha samaki hakina kalisi wala potasiamu ya kuitosha mimea. Chuma nacho hupungua: majani machanga yakiwa manjano huku mishipa ikibaki kijani, ndicho.

Sasa hesabu. Kwa mboga za majani, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, hutumia gramu 40 hadi 50 za chakula kwa siku kwa kila mita moja ya mraba ya mimea. Perege 20 wenye gramu 200 kila mmoja wana kilo 4. Wakila asilimia 1.5 ya uzito wao, hiyo ni gramu 60, inayotosha mita moja na robo au moja na nusu ya mboga. Wakifika nusu kilo, samaki walewale 20 wanakula gramu 150, na bustani inatakiwa iwe zaidi ya mara mbili. Tangi lako la lita 500 nalo limefika kilo 10, na hapo mimi sivuki. Ndiyo maana napenda rika mbili au tatu, wakubwa wakivuliwa wadogo wakichukua nafasi.

Chagua madume watupu ukiwapata. Jike hukomaa akiwa na miezi michache tu, hulea mayai kinywani, na punde una umati wa vidagaa ambao hukuwaweka kwenye hesabu yoyote.

Maji yakipoa chini ya nyuzi 20, punguza chakula. Hamu yao hushuka na unacholisha kinaoza. Na umeme ukikatika, kabla hujaikimbilia betri ya pampu ya hewa, weka kopo la chakula mbali. Samaki anayesaga chakula hutumia oksijeni zaidi, nawe saa hiyo huna ya kumpa.