Kokiʻo haikumalizwa na wavuvi

Wageni wa kitalu chetu cha miche wana wimbo mmoja. Hawaniulizi, wananieleza: kokiʻo, mti wa maua mekundu wa misitu mikavu ya Kona, kisiwani Hawaii, eti umekaribia kwisha kwa sababu wenyeji wa kale waliubandua magome. Safari hii nimeona niandike.

Gome lilitumika, ndiyo. Maji yake ni mekundu, na wavuvi walitilia nyavu zao rangi. Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki anayejua rangi ya gome la mkoko hatashangaa. Lakini Wahawaii walikaa na mti huu karne kwa karne, na mti ukawepo. Mwaka 1778 nahodha Mwingereza James Cook akaacha mbuzi visiwani. Mwaka 1793 nahodha mwenzake George Vancouver akaleta ng'ombe, na mfalme Kamehameha akakataza wasichinjwe kwa miaka kumi. Wakazaana, wakaingia msituni. Ng'ombe hula mche kabla haujafika gotini na huguguna magome ya mti mkubwa. Ukitafuta mbandua magome, ndiye huyo! Panya nao hutafuna mbegu, na ndege wanaonyonya maua yake wamepungua. Kisha zikaja nyasi za mapambo ya bustani kutoka Afrika Kaskazini, zikatorokea kwenye miamba ya lava. Zikikauka huwaka kama zimemwagiwa mafuta ya taa, na kokiʻo haikuzaliwa kwenye moto. Mwaka 1984 serikali ya Marekani ikauweka mti huu kwenye orodha ya mimea iliyo hatarini kutoweka. Mvuvi na wavu wake wanaingia wapi hapo?

Wengine husema ni haibiskasi. Siyo. Iko haibiskasi nyekundu ya huko huko iitwayo kokiʻo ʻula, majina ndiyo yanayowachanganya. Huu kisayansi huitwa Kokia drynarioides, wa jamii ya mpamba. Miti yote ya kundi la Kokia ni ya Hawaii tu, na ndugu zao wa karibu kuliko wote ni mimea ya kundi la Gossypioides: mmoja yuko Madagaska, mwingine anaota porini Kenya na Tanzania. Pamba yenyewe usiitafute, mbegu ina manyoya mafupi yasiyosokoteka.

Na rangi ya nyavu haitoki kwenye ua. Ni gome.

Kuna pia wanaokata tamaa: mti ukibaki mmoja, basi. Kokia cookei, ndugu yake wa kisiwa cha Molokai, ulibaki mmoja kweli, na moto ukauua mwaka 1978. Ila tawi lake lilishakatwa, likabebeshwa kwenye shina la Kokia nyingine, na uzao wake ungali hai.

Ukitaka mche, jenga uzio kwanza. Ng'oa nyasi pande zote. Na maji usizidishe, mizizi itaoza. Wengi husikia hilo la maji tu, wakarudi mwezi unaofuata kutaka mche mwingine.