Sare moja kwa wote si usawa

Nimeambiwa tena: "Usawa tumeshaumaliza, wanaume na wanawake kazini wote wanavaa sare ileile." Hamjaumaliza. Mmewavalisha wanawake shati la kiume lililopunguzwa saizi.

Litazameni kifuani. Limekatwa bapa, mbele na nyuma karibu sawa. Likimkaa mwanamke vizuri mabegani, vifungo vya kifuani vinavutana na kuacha mwanya. Akipanda saizi moja, mabega yanaporomoka na mikono inameza viganja. Suruali ndiyo balaa. Kwenye chati nyingi za saizi za wanawake, nyonga huzidi kiuno kwa sm 20 hadi 25. Kwa wanaume tofauti ni ndogo zaidi. Kwa hiyo suruali ya kiume inayopita nyongani itapwaya kiunoni kwa nyuma, na kila akiinama anaishikilia. Mkanda unakusanya kitambaa tu. Kateni patani mbili, ya kike na ya kiume, kwa kitambaa kimoja na rangi moja, na mifuko ilingane idadi na kina. Hapo kwenye mifuko nasisitiza: ya wanawake hukatwa mifupi au hushonwa ya uongo, halafu mtu anaulizwa kwa nini funguo ziko mkononi.

Kwenye mitambo, glovu inayozidi ncha za vidole hunaswa. Ovaroli ya kipande kimoja humlazimu mwanamke kuivua kuanzia mabegani kila aendapo msalani, na wapo wanaoacha kunywa maji zamu nzima kwa sababu hiyo. Agizeni ya vipande viwili.

Wengine wanakosea kwa upande wa pili: wanaume tai, wanawake vipodozi na viatu virefu, eti kila upande una mzigo wake. Tai hufungwa kwa dakika moja. Kisigino kirefu husukuma uzito wa mwili mbele ya unyayo zamu nzima. Mwaka 2017 wizara ya kazi ya Ufilipino iliagiza wanaosimama kazini waruhusiwe viatu bapa au vya kisigino kisichozidi inchi 1, na mwaka huohuo jimbo la British Columbia, Kanada, likakataza kuwalazimisha wafanyakazi kuvaa viatu virefu.

Mahakamani mambo hayajanyooka. Ann Hopkins, mfanyakazi wa kampuni ya uhasibu ya Marekani, aliambiwa avae kike zaidi na ajipake vipodozi ili apandishwe cheo. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kwamba kumpima mtu kwa fikra za mazoea kuhusu jinsia yake kunaweza kuwa ushahidi wa ubaguzi. Mwaka 2006 Darlene Jespersen, mhudumu wa baa ya kasino Marekani aliyekataa kujipaka vipodozi kazini, alishindwa kwenye rufaa: hakuleta ushahidi wa muda na gharama ya vipodozi. Yaani mzigo uhesabiwe, kwa saa na kwa fedha.

Andikeni kanuni kwa kufuata kazi: kiatu kilichofunikwa, soli isiyoteleza, nywele ndefu zifungwe karibu na mashine. Neno "heshima" lifuteni, maana msimamizi hulitumia kwa wanawake peke yao. Urefu wa sketi ndio unaonisumbua bado. Ukiandika sentimita, mtu atakuja na rula magotini mwa mwenzake. Usipoandika, macho ya msimamizi ndiyo kipimo. Sijapata maandishi yanayoziba matundu yote mawili. Kwa sasa naandika hivi: nguo imruhusu mvaaji kuinama, kupanda ngazi na kunyoosha mikono juu bila kuishikilia. Hilo kila mtu hujipima nyumbani, mbele ya kioo chake.