Siasa za haiba ni nini?

Siasa za haiba ni ushindani wa kisiasa ambamo mpiga kura huvutwa na mgombea mwenyewe, yaani sura yake, sauti yake, mwendo wake na simulizi ya maisha yake, kuliko anachosema atakifanya akiingia madarakani. Ilani ipo, imechapwa na kuzinduliwa kwa mbwembwe. Ila uliza watu wakitoka mkutanoni: watakusimulia msanii aliyetumbuiza na jinsi mheshimiwa alivyocheza.

Max Weber, mwanasosholojia wa Ujerumani, aliihesabu haiba kuwa msingi mmojawapo kati ya mitatu inayowafanya watu wakubali kutawaliwa. Mingine ni mila na sheria. Kwake yeye, haiba hudumu kwa imani ya wafuasi. Imani ikiisha, nayo imekwisha.

Mfano unaotajwa sana ni mdahalo wa televisheni wa Kennedy na Nixon, wagombea urais wa Marekani, Chicago, tarehe 26 Septemba 1960. Nixon alikuwa ametoka kuugua goti, amekonda, na jasho likamtoka mbele ya kamera. Kennedy alikuwa mtulivu na mwenye siha. Husimuliwa pia kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi. Ushahidi wa hilo ni mwembamba, tusiubebe sana.

Kwetu hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Katika kampeni za urais Tanzania mwaka 2015, John Magufuli wa chama tawala, CCM, alipiga pushapu jukwaani, wakati ambapo afya ya mpinzani wake mkuu, Edward Lowassa, ilikuwa gumzo mitaani. Hakuna ukurasa wa ilani ambao ungelijibu gumzo hilo haraka namna ile. Upande wa pili mambo yalikuwa ya ajabu zaidi. Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu Februari 2008 kwa sakata la Richmond, la mkataba wa umeme wa dharura, na Chadema, chama cha upinzani, walikuwa wamemtaja kwa miaka miongoni mwa mafisadi. Julai 2015 akahamia Chadema, akawa mgombea wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani. Hoja ya ufisadi ikafifia ghafla. Umati wake ukaitwa mafuriko, na wimbo ukawa mabadiliko. Kwa matokeo ya Tume ya Uchaguzi alipata asilimia 39.97, zaidi ya kura milioni 6, dhidi ya 58.46 za Magufuli.

Je, wapiga kura ni wajinga? Sidhani. Soma ilani mbili za vyama vinavyoshindana: maji, barabara, ajira, matibabu, zote zinaahidi karibu yaleyale, na mara chache zinasema fedha itatoka wapi. Mwananchi hana namna ya kuzipima, kwa hiyo anampima mtu. Anatazama kama anamsalimia mzee ipasavyo, kama anaongea Kiswahili cha watu, kama amewahi kuonja shida. Tatizo ni kwamba vyote hivyo vinaweza kutengenezwa, na wapo wanaolipwa kwa kazi hiyo.

Kenya 2022 ndipo ufundi huo ulipoonekana vizuri. William Ruto alikuwa naibu rais tangu 2013 na tajiri anayejulikana, lakini aligombea urais kama hasla, yaani mtu wa kuhangaikia riziki, aliyewahi kuuza kuku kando ya barabara, chama chake UDA kikiwa na nembo ya wilbaro. Tusimwonee: nyuma ya wilbaro kulikuwa na sera, ya kuinua uchumi kuanzia chini kwa mikopo ya wafanyabiashara wadogo. Lakini wengi waliikumbuka kwa sababu ya wilbaro. Alishinda kwa asilimia 50.49 dhidi ya 48.85 za Raila Odinga.

Kisha zikaja kodi. Vijana walewale waliouziwa hasla wakambandika jina jipya, Zakayo, mtoza ushuru wa kwenye Biblia. Tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliingia bungeni Nairobi wakipinga Mswada wa Fedha, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Ruto akatangaza kwamba hatautia sahihi.