Kwa nini keshia hawezi kukurekebishia bei hata akitaka

Mzee mmoja wa kanzu alifika kaunta namba 7 na dumu la mafuta ya kupikia la lita 3. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, Mombasa, duka bado halijachangamka. Keshia akalipitisha, mashine ikalia, kioo kikaandika 965. Mzee akasema, "Mwanangu, kule ndani pameandikwa 849." Keshia akabonyeza kengele ya kuniita mimi, supavaiza wake. Mimi nilikuwa mlango wa nyuma, napokea lori la maji. Nilipofika dakika tisa zilikuwa zimekatika, nyuma ya mzee wamepanga watu saba, na mama mmoja anafyonya kwa sauti ya kutusikizisha sote.

Nimefanya kazi miaka 11 kwenye supamaketi kubwa: kwanza keshia, kisha karani wa bei, mwisho supavaiza wa kaunta. Siku hizi nakagua maduka ya aina hiyo na kufundisha wafanyakazi wao. Mtu akishajua nilikotoka, hunimwagia malalamiko yake yote, na karibu kila lalamiko humwangukia keshia. Keshia mvivu, keshia jeuri, keshia hajui kazi. Wapo wa hivyo, sikatai. Lakini yule binti wa namba 7 alimwamini mzee tangu neno la kwanza. Aliniambia baadaye kwamba hiyo 849 aliiona mwenyewe alipopita pale asubuhi. Kumwamini mteja hakufungui mashine.

Kuna mambo ambayo keshia hawezi kuyafanya peke yake: kufuta bidhaa iliyokwisha kupita, kubadilisha bei, kurudisha pesa, hata kufungua droo bila mauzo. Kila moja linataka kadi ya supavaiza, na kadi hiyo huning'inia shingoni mwa mtu mmoja, pengine wawili, kwa tawi zima. Duka limeamua hivyo kwa makusudi, maana kufuta ndiyo njia ya kale ya kuiba kwenye kaunta. Mteja analipa shilingi 2,300 taslimu, anaondoka bila kusubiri risiti. Keshia akiweza kufuta, anafuta pakiti mbili za sukari na thamani yake inaingia mfukoni. Droo inalingana na mashine. Isiyolingana ni sukari, na hilo litajulikana siku ya kuhesabu stoo, wiki kadhaa mbele. Basi kila kinachofutwa huandikwa jina la aliyefuta, saa na sababu, na makao makuu huisoma ripoti hiyo. Nikifuta sana, mimi ndiye naitwa kujieleza.

Kwetu droo ikipungua jioni, keshia alikatwa mshahara. Ndiyo maana ukimpa noti ya elfu anaigeuza, anaiinua kwenye mwanga, na chenji anaihesabu mara mbili. Wewe waona anakuchelewesha. Yeye analinda nauli ya kesho.

Sasa ile 965 ilitoka wapi? Supamaketi kubwa ina orodha moja ya bei, sisi tuliiita faili la bei. Hukaa makao makuu, na mabadiliko hushushwa kwenye kompyuta za matawi usiku, duka likiwa limefungwa. Ofa ikipangiwa kuisha Jumapili, saa sita usiku mashine zote huisahau kwa mpigo mmoja. Lakini lebo ya rafuni ni karatasi, haijui kwamba Jumatatu imeingia. Lazima mtu achapishe mpya, akate, abebe bunda lake na kutembea ujia baada ya ujia, akichomoa ya zamani na kuchomeka mpya. Nilipokuwa karani wa bei tulikuwa wawili. Baada ya ofa kubwa ya mwisho wa mwezi tulikabidhiwa lebo zaidi ya elfu moja. Tuliingia saa kumi na moja alfajiri, mlango ukifunguliwa saa mbili. Piga hesabu: kama sekunde 20 kwa lebo moja, ikiwemo kuitafuta bidhaa yenyewe, ambayo huenda wiki iliyopita ilihamishwa kupisha madaftari ya shule.

Makosa haya hayaendi upande mmoja. Kuna bidhaa zilizoshuka bei na lebo ikabaki juu. Mteja akalipa kidogo, akatazama risiti, akanyamaza. Hao hawakuwahi kunipigia kengele. Hata hivyo sitawatetea wakubwa wangu wa zamani. Ofa ikianza, zile lebo nyekundu zilibandikwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, na watu waliongezwa. Ofa ikiisha, haongezwi mtu. Anayeniambia hiyo ni bahati mbaya namsikiliza tu.

Bidhaa za mizani zina kisa chao. Tazama namba zilizo chini ya mistari ya bakodi. Zikianza na 616, msimbo huo umesajiliwa Kenya. 620 ni Tanzania. (Hapo ni usajili wa kampuni, si ushahidi wa mahali bidhaa ilipotengenezwa, ingawa nimeona watu wakigombana kwa hilo.) Zikianza na 2, huenda duka limejichapishia lenyewe pale kwenye nyama au mboga, na mara nyingi uzito au bei imo ndani ya ile mistari. Kijana wa mizani akibonyeza kitufe cha nyanya za bei ya juu ukiwa umechukua zile za kawaida, keshia hana la kufanya. Itabidi urudi mizani. Mtu akiambiwa hivyo baada ya kusimama kwenye foleni robo saa, kinachofuata mnakijua.

Kuhusu sheria, wengi hudhani bei ya rafu ni ahadi, na duka likiikana limevunja mkataba. Sivyo. Kwa kanuni za mikataba tulizorithi kwa Waingereza, bidhaa iliyo rafuni ni mwaliko tu. Wewe ndiye unayeomba kununua unapoifikisha kaunta, na duka hukubali au hukataa pale. Mahakama ya Rufani ya Uingereza iliamua hivyo mwaka 1953 katika kesi ya duka la dawa la Boots, ambalo lilikuwa limeanza kuwaachia wateja wajichukulie wenyewe. Kwa hiyo duka laweza kukataa kukuuzia kwa 849. Lisiloruhusiwa ni kukupotosha. Sheria ya Ushindani ya Kenya ya 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 zinakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha, na Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidi anachonunua. Lebo ya ofa iliyokwisha ikiwa bado rafuni inapotosha, hata kama aliyeisahau alikuwa hoi kwa uchovu. Mameneja wanalijua hilo. Katika matawi niliyofanya kazi, mteja mwenye ushahidi alipewa bei ya chini bila mabishano mengi.

Na yule kijana uliyemuuliza chumvi iko wapi akakujibu "sijui"? Tazama fulana yake. Huenda ameajiriwa na kampuni ya maziwa, kazi yake kupanga maziwa, na ikifika saa nane anakwenda supamaketi nyingine kupanga maziwa yaleyale. Supamaketi nyingi huegemea watu wa wasambazaji namna hiyo. Msambazaji mwenyewe asipolipwa, huacha kuleta. Rafu za supamaketi za Nakumatt hapa Kenya zilipoanza kubaki tupu mwaka 2017, chanzo kilikuwa madeni ya mabilioni, na hakuna mfanyakazi wa dukani aliyekuwa na dawa ya hilo.

Foleni sina mengi ya kusema. Kaunta ziko 12, wazi ni nne, kwa sababu ratiba ya makeshia ilipangwa wiki iliyopita kwa kutazama mauzo ya wiki kama hiyo. Kuita wa tano si kumwambia "kaa hapo" tu. Lazima atolewe droo na pesa za kuanzia, azihesabu, atie saini. Mwisho wa mwezi meneja anayesubiri foleni ifike kwenye friji za nyama ndipo aite mtu, huyo ndiye wa kulaumiwa.

Ushauri wangu ni mdogo. Piga picha ya lebo ukiwa bado rafuni, na usome tarehe ndogo iliyo pembeni yake, wengi hawaioni. Bei ikitofautiana, sema kabla hujalipa. Hapo ni kadi moja na sekunde tano. Ukishalipa, risiti imekwisha kwenda KRA, yaani mamlaka ya kodi, na kuirekebisha ni makaratasi mengine na foleni nyingine. Kisha umwite meneja kwa jina la cheo chake, mwonyeshe picha. Keshia mwache aendelee na aliye nyuma yako.

Mzee wa kanzu hakuwa na simu ya picha. Nilipofika alitia mkono mfukoni akatoa lebo yenyewe, ameichomoa rafuni. "Nilijua mtaniambia nimeota," akasema. Nikapitisha kadi, nikaandika sababu, akalipa 849 akaenda zake.

Nikaenda kule kwenye mafuta kuweka lebo mpya. Kwenye ule ufito wa plastiki, mahali alipoichomoa ile ya 849, kulikuwa na nyingine nyuma yake: 799, ofa ya mwezi wa nane. Tulikuwa Novemba.