Nani hulazwa Arlington, na kwa ruhusa ya nani?

Kila ninapozungumza na watu kuhusu Makaburi ya Taifa ya Arlington, yaliyoko Virginia ng'ambo ya Mto Potomac ukitokea Washington, huulizwa kwanza ni mashuhuri gani wamezikwa pale. Orodha ipo, na ni ndefu: marais wawili, majaji wa Mahakama ya Juu, wanaanga, wavumbuzi wa Ncha ya Kaskazini, bondia, waigizaji, majenerali kwa mamia. Mimi ni mwanahistoria wa makaburi ya vita, na miaka ya kazi hii imenizoesha kuanza na swali jingine: huyu aliingiaje?

Arlington ni makaburi ya wanajeshi. Umaarufu peke yake haumpi mtu hata shubiri moja ya ardhi ile. Mtu huingia kwa utumishi wake jeshini, au kwa kuwa mke, mume au mtoto wa aliyetumikia, na kwa wachache sana, kwa ruhusa maalumu. Hao wa ruhusa maalumu ndio ambao kwangu wana habari nyingi kuliko wote, kwa sababu kila mmoja wao alimlazimisha mtu mwenye mamlaka aseme waziwazi kwamba kanuni iliyopo haimtoshi.

Ardhi yenyewe ilikuwa shamba la George Washington Parke Custis, mjukuu wa kambo wa George Washington aliyelelewa nyumbani kwake. Jumba lililo juu ya kilima alilijenga yeye kwa jasho la watumwa. Binti yake, Mary, aliolewa na Robert E. Lee mwaka 1831. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka mwaka 1861, Lee, aliyekuwa ofisa wa jeshi, akaenda upande wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga, na majeshi ya Muungano, yaani ya Serikali ya Washington, yakalikalia shamba. Likadaiwa kodi ya dola 92.07, ikatakiwa mwenye mali aje kulipa yeye mwenyewe, na Bibi Lee hakuweza kufika. Januari 1864 likapigwa mnada. Mnunuzi akawa Serikali yenyewe, kwa dola 26,800.

Mei 13 mwaka huo akazikwa askari wa kwanza, William Christman wa kikosi cha 67 cha Pennsylvania, kijana aliyefia hospitalini kwa maradhi. Mkuu wa ugavi wa jeshi, Jenerali Montgomery Meigs, alikuwa na ghadhabu na Lee. Akaamuru maofisa wazikwe kando kabisa ya bustani ya maua ya Bibi Lee, ili familia ile isitamani tena kurudi. Oktoba mwaka huo huo mwanawe mwenyewe, Luteni John Rodgers Meigs, akauawa vitani. Leo baba na mwana wamezikwa juu ya kilima hicho. Mwaka 1882 Mahakama ya Juu iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba shamba lilitwaliwa kinyume cha sheria, na mwaka uliofuata Serikali ikamlipa mrithi, Custis Lee, dola 150,000 ili makaburi yabaki pale yalipo.

Makaburi ya mwanzo kabisa yalichimbwa na James Parks. Parks alizaliwa mtumwa ndani ya shamba lile. Custis, aliyefariki mwaka 1857, aliacha wosia kwamba watumwa wake waachwe huru ndani ya miaka mitano, na Parks akapata uhuru wake mwaka 1862. Hakuondoka. Alibaki akichimba makaburi na kuyatunza hadi uzeeni, na maofisa waliotaka kujua visima, barabara na nyumba za zamani za shamba zilikuwa wapi walimwendea yeye. Alipofariki mwaka 1929 hakuwa na namba ya jeshi wala cheo, kwa hiyo hakuwa na haki ya kuzikwa pale alipokuwa amewazika wenzake kwa miongo. Waziri wa Vita akatoa ruhusa, naye akazikwa kwa heshima za kijeshi katika Sehemu ya 15. Kati ya watu zaidi ya 400,000 waliozikwa Arlington, ni yeye pekee aliyezaliwa juu ya ardhi ile. Anayeandika orodha ya mashuhuri wa Arlington akamwacha Parks, kwa maoni yangu orodha yake haijakamilika.

Bado niko kwenye enzi hiyo kidogo, kwa sababu ya Sehemu ya 27. Humo wamezikwa watu zaidi ya 3,800 waliokuwa watumwa kisha wakawa huru, wengi wao waliokimbilia Washington wakati wa vita. Mawe yao ni yale yale meupe, ila mahali pa cheo na kikosi pameandikwa kwamba huyu ni raia. Karibu nao wako askari weusi wa Muungano, waliotengwa katika sehemu yao. Utengano wa rangi makaburini uliendelea hadi mwaka 1948, Rais Harry Truman alipoamuru ukome jeshini.

Sasa Medgar Evers. Huyu hakuhitaji ruhusa ya mtu. Alitumikia Jeshi la Nchi Kavu katika Vita Kuu ya Pili, akafika Normandy, akarudi Mississippi mwaka 1946, na alipokwenda kupiga kura yeye na wenzake walizuiwa na wazungu wenye silaha. Baadaye akawa katibu wa NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, katika jimbo hilo, akiandikisha wapiga kura na kuchunguza mauaji ambayo polisi hawakutaka kuyachunguza. Usiku wa kuamkia Juni 12, 1963, saa chache tu baada ya Rais Kennedy kulihutubia taifa kuhusu haki za raia, alipigwa risasi mgongoni mbele ya nyumba yake mjini Jackson. Alikuwa na umri wa miaka 37. Siku saba baadaye akazikwa Arlington, Sehemu ya 36.

Kaburi lake lilikuja kufanya kazi nyingine. Mtuhumiwa, Byron De La Beckwith, alishtakiwa mara mbili mwaka 1964 mbele ya mabaraza yenye wazungu pekee, na mara zote mbili wazee wa baraza walishindwa kukubaliana. Kesi ilipofufuliwa, waendesha mashtaka walihitaji ushahidi mpya wa kitabibu, na mwaka 1991 mwili wa Evers ukafukuliwa ukafanyiwa uchunguzi. Ulikutwa umehifadhika vizuri mno. De La Beckwith alitiwa hatiani Februari 1994, zaidi ya miaka 30 baada ya mauaji. Sijui kaburi jingine Arlington lililotoa ushahidi dhidi ya muuaji wa aliyezikwa humo.

Evers aliingia kwa haki yake kwa sababu wakati ule askari aliyeachishwa jeshi kwa heshima alikuwa na nafasi Arlington. Miezi mitano baadaye mambo yakaanza kubadilika. John F. Kennedy, luteni wa zamani wa Jeshi la Wanamaji, alizikwa Novemba 25, 1963, kwenye mteremko ulio chini ya jumba la Custis, na mwenge uliowashwa siku ile unawaka hadi leo. Kabla yake rais pekee aliyezikwa pale alikuwa William Howard Taft, mwaka 1930. Mazishi ya Kennedy yalionyeshwa kwenye televisheni, na maombi ya watu waliotaka kuzikwa Arlington yakafurika kuliko nafasi zilizokuwepo. Mwaka 1967 kanuni zikakazwa. Tangu hapo, anayezikwa ndani ya jeneza kwa kawaida ni aliyefia kazini jeshini, aliyestaafu baada ya utumishi mrefu, mwenye nishani za juu za ushujaa au aliyejeruhiwa na adui. Mwaka 1980 zikaanza kutumika kuta maalumu za kuhifadhia majivu ya waliochomwa, na huko masharti ni mepesi zaidi.

Bila kujua habari ya 1967 huwezi kuelewa kwa nini bondia Joe Louis na mwigizaji Lee Marvin, waliozikwa bega kwa bega katika Sehemu ya 7A, hawakuingia kwa mlango mmoja. Wageni wengi hudhani Marvin kapewa upendeleo wa mtu wa sinema. Hapana. Marvin alikuwa askari wa cheo cha chini katika kikosi cha Marine, akajeruhiwa vibaya katika kisiwa cha Saipan mwaka 1944, akapata nishani ya Purple Heart, wanayopewa waliojeruhiwa na adui, na nishani hiyo ndiyo iliyompa haki. Alipofariki mwaka 1987 alikuwa na tuzo ya Oscar. Jiwe lake halitaji tuzo hiyo. Limeandika jina, cheo, kikosi, vita na tarehe.

Aliyehitaji ruhusa ni Louis. Alikuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu kuanzia 1937 hadi 1949, akatetea taji mara 25. Mwaka 1942 alipigana mara mbili na kuyatoa malipo yake kwa mifuko ya misaada ya wanamaji na ya Jeshi la Nchi Kavu, akajiunga na jeshi, akatoka na cheo cha usajenti. Kwa miaka aliyovaa sare alizunguka kambi nyingi akicheza ngumi za maonyesho mbele ya askari, katika jeshi ambalo lilikuwa bado linawatenga watu wa rangi yake. Hakustaafu jeshini, hakujeruhiwa, na medali aliyopewa haikuwa miongoni mwa zile zilizotajwa na kanuni. Alipofariki Aprili 1981, Rais Ronald Reagan ndiye aliyeondoa kikwazo. Jiwe lake ni la binafsi, na juu yake ameonyeshwa akiwa bondia. Wapo wanaosema jiwe lile linaharibu usawa wa safu. Mimi naona limekaa sawa: jeshi lilimtumia kama bondia, basi na jiwe liseme hivyo.

Kaburi ninalolirudia mara nyingi kuliko yote katika maandishi yangu ni la Matthew Henson. Alizaliwa Maryland mwaka 1866. Robert Peary, ofisa wa Jeshi la Wanamaji, alimwajiri mwaka 1887, na kwa zaidi ya miaka 20 Henson alikuwa pamoja naye katika safari za Aktiki: akiendesha mbwa, akitengeneza sleji wanazokokota barafuni, akizungumza Kiinuit na wenyeji, jambo ambalo Peary hakuliweza kwa kiwango chake. Peary alidai kwamba walifika Ncha ya Kaskazini Aprili 6, 1909. Vipimo vyake vinabishaniwa hadi leo. Hakuna anayebisha kwamba pamoja naye walikuwepo Henson na Wainuit wanne, Ootah, Egingwah, Seegloo na Ooqueah. Peary alipandishwa cheo akawa admirali, akafariki mwaka 1920, akazikwa Arlington chini ya jiwe kubwa lenye umbo la tufe la dunia. Henson alikwenda kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya forodha New York. Alifariki mwaka 1955, akazikwa katika makaburi ya Woodlawn, Bronx.

Dakta S. Allen Counter wa Chuo Kikuu cha Harvard ndiye aliyemwandikia Rais Reagan kuomba Henson ahamishwe. Ombi lilikubaliwa, na Aprili 6, 1988, siku ilipotimia miaka 79 tangu siku hiyo aliyoidai Peary, Henson na mkewe Lucy walizikwa upya katika Sehemu ya 8, karibu na Peary. Hakuwahi kuwa askari. Kwa kanuni kavu hakustahili, na ni vyema kanuni haikuachwa iamue peke yake.

Wengine nitawapitia haraka. Grace Hopper, mwanahisabati aliyefungua njia ya lugha za programu za kompyuta na kustaafu akiwa na cheo cha admirali mwaka 1986 akiwa na miaka 79, yuko Sehemu ya 59. Audie Murphy, mmoja wa askari wa Marekani waliotunukiwa nishani nyingi zaidi katika Vita Kuu ya Pili, yuko Sehemu ya 46. Mawe ya wenye Medali ya Heshima, nishani ya juu kabisa ya ushujaa, hutiwa herufi za dhahabu. La Murphy halina, kwa sababu alitaka jiwe la kawaida. Oliver Wendell Holmes, jaji wa Mahakama ya Juu kwa takriban miaka 30, yuko Sehemu ya 5. Alijeruhiwa mara tatu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kwenye jiwe lake kikosi cha 20 cha Massachusetts kinatajwa kwanza, Mahakama baadaye.

Yupo mmoja ambaye wageni humpita bila kumjua: Sajenti Edward Younger. Oktoba 24, 1921, mjini Châlons-sur-Marne, Ufaransa, aliwekewa majeneza manne ya askari wasiotambulika wa Vita Kuu ya Kwanza, kila moja kutoka makaburi tofauti ya Wamarekani, akapewa maua ya waridi meupe na kuambiwa achague. Alizunguka majeneza yale, akaweka maua juu ya moja, na aliyekuwa ndani yake ndiye Askari Asiyejulikana, aliyezikwa Arlington Novemba 11 mwaka huo na ambaye kaburi lake linalindwa usiku na mchana. Younger mwenyewe alizikwa Sehemu ya 18 mwaka 1942.

Anayetaka kuyaona makaburi haya atafute kwanza namba ya sehemu, kwa maana mawe yamepangwa kwa safu na mengi yanafanana kabisa. Kwenye mawe ya kawaida ya Serikali, ukifika uzunguke nyuma pia: mara nyingi jina la mke limechongwa upande wa pili, na anayesoma mbele tu hukosa nusu ya waliozikwa pale.